Fernandes, Fernandez, Hernández: jina moja, kalamu nyingi

Swali: Babu yangu mzaa baba alitoka Goa, huko India, akaja Mombasa kufanya kazi ya ushonaji. Pasi yake ya zamani imeandikwa Fernandes. Cheti cha kuzaliwa cha baba kinasema Fernandez, na shangazi yangu aliyehamia Toronto anaandikwa Fernandis. Mwenzangu kazini, mtu wa Mexico, anaitwa Hernández na anashikilia kwamba sisi ni ndugu. Wazee wa nyumbani nao wanasema tumetokana na Wareno wa Fort Jesus. Andiko lipi ni sahihi, na jina hili limetoka wapi hasa?

Jibu: Tuanze na lililo jepesi. Kwa familia iliyotoka Goa, andiko la kushika ni Fernandes, kwa s, bila alama yoyote juu ya herufi. Z ya baba yako na i ya shangazi yako ziliingia njiani, mezani kwa mtu aliyeshika kalamu. Jina la Hernández wa Mexico limechipuka katika shina hilohilo, lakini undugu wa majina si undugu wa damu. Na habari ya Fort Jesus, kwa namna inavyosimuliwa, haina mashiko. Sababu nitazieleza mbele.

Fernandes ni ubini kwa maana halisi ya neno hilo: mwana wa Fernando. Mtu wa Pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Salim akizaa Ali, mtoto ni Ali bin Salim. Ali akizaa Juma, huyo ni Juma bin Ali, na jina la Salim limeshasogea nyuma. Rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno, ilikuwa na desturi hiyohiyo, ila badala ya kutanguliza bin, walibandika kiambishi mwishoni mwa jina la baba. Watazame watawala wa Castilla, eneo la kati na kaskazini mwa Uhispania, wa karne ya 10 na ya 11, baba kwa mwana: Fernán González aliyefariki mwaka 970, kisha García Fernández aliyefariki 995, kisha Sancho García aliyefariki 1017, kisha García Sánchez. Wanne hao ni ukoo mmoja, mlango mmoja, na hakuna wawili waliofuatana wakiwa na jina la mwisho moja. García Fernández aliitwa hivyo kwa sababu baba yake alikuwa Fernán. Mwanawe hakuwa na haja ya Fernández hata kidogo. (Sancho García mwenyewe anaonyesha kwamba huko Castilla García mara nyingi halikupokea kiambishi. Jina la baba lilikaa lilivyo.) Wareno nao vivyo hivyo: mfalme wao wa kwanza, Afonso Henriques, aliyefariki 1185, alikuwa mwana wa Henrique wa Burgundy.

Tofauti moja na kwetu ni kwamba kiambishi hiki hakibagui mwanamume na mwanamke. Sisi tuna bin na binti. Wao dada yake García Fernández naye ni Fernández. Usitafute umbo la kike la jina hili katika vitabu vya zamani, halipo.

Fernando lenyewe si la Kilatini wala la Kireno kwa asili. Ni jina la Wagothi, kabila la Kijerumani lililoingia Iberia katika karne ya 5 na kutawala hadi Waislamu walipovuka mlango wa bahari mwaka 711. Limejengwa kwa vipande viwili. Cha pili ni nanth, chenye maana ya ujasiri au uthubutu. Cha kwanza wataalamu wanakigombania: wengine husema frith, amani, wengine farth, safari. Makarani wa Kilatini waliliandika Fredenandus au Fredinandus. Mdomoni mwa watu silabi zikaliwa, r ikahama, likabaki Fernando, na lilipotangulia jina jingine likafupishwa kuwa Fernán kwa Wahispania na Fernão kwa Wareno, kama Fernão de Magalhães, nahodha ambaye msafara wake uliizunguka dunia.

Tawi jingine la jina hilo lilihifadhi d yake likawa Ferdinand. Liliingia Austria kwa ndoa za kifalme: mjukuu wa mfalme Fernando wa Aragón, aliyezaliwa Alcalá de Henares mwaka 1503, alipewa jina la babu yake, kisha akaenda kutawala Vienna. Kwa hiyo yule Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914 alikuwa somo wa babu yako mshonaji, kwa namna fulani.

Kiambishi chenyewe, -ez au -es, kimezua mabishano ya zaidi ya karne moja. Maelezo yanayoelekea kukubalika zaidi ni ya Kilatini: Rodericus, mwana wake ni Roderici, yaani wa Roderiko, na mwisho huo -ici ukasikika kama -iz. Umbo hilo likaigwa hata kwa majina yasiyokuwa na -ric ndani yake. Wengine huelekeza kidole kwa Kibaski, lugha ya zamani ya kaskazini mwa Iberia, chenye kiambishi -z. Kwa mtafuta ukoo jambo la kukumbuka ni kwamba hati kongwe huandika -iz mara nyingi kuliko -ez: Fernandiz, Gundisalviz. Kwa hiyo -is ya shangazi yako ina sura ya karne ya 10, ingawa haikutoka huko. Imetoka kwa mtu aliyeandika alichosikia.

Ubini uliganda lini? Hakukuwa na siku moja. Kati ya karne ya 13 na ya 16 watu walizidi kurithi jina la mwisho la baba hata kama baba hakuitwa Fernando. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliofungwa mwaka 1563, uliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo na la ndoa, na daftari ni adui wa jina linalohamahama. Hata hivyo msidhani kila kitu kilinyooka. Hadi karne ya 18 ndugu wa tumbo moja waliweza kubeba majina tofauti, mmoja la baba, mmoja la bibi mzaa mama, na mwanamke wa Kireno aliweza kuishi na kufa kama Maria de Jesus au Ana da Conceição bila jina la baba kuonekana popote. Uhispania ilifunga mfumo wake wa majina mawili, la baba kisha la mama, kwa sheria ya usajili wa raia ya mwaka 1870. Ureno hupanga kinyume: la mama hutangulia, la baba hukaa mwisho. Asiyejua hilo hukata jina lisilopaswa kukatwa.

Sasa Hernández. Kihispania cha Castilla kilikuwa na tabia ya kuilegeza f ya mwanzo wa neno hadi ikawa pumzi tu, h, kisha pumzi nayo ikakatika, herufi ikabaki mapambo. Weka maneno ya Kireno na ya Kihispania kando kwa kando utaona: filho na hijo, mtoto. Farinha na harina, unga. Ferreira na Herrera, majina ya mahali pa kufulia chuma. Kwa mkondo huohuo Fernando likawa Hernando, Fernán likawa Hernán, na Fernández likawa Hernández. Lakini Fernando lilikuwa jina la wafalme, limeandikwa kwa Kilatini kwenye kila hati ya maana, kwa hiyo umbo la f halikufa. Yote mawili yaliishi pamoja, hata kwa mtu mmoja: yule aliyeiteka Mexico tunamwita Hernán Cortés, lakini katika hati za zama zake ni Fernando au Hernando. Leo Hernández ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Mexico, na Fernández limo katika matano ya kwanza Uhispania, likiwa limejaa zaidi Asturias na Galicia huko kaskazini, ambako f haikulegea.

Kireno hakikuilegeza f. Ukikutana na Hernandes kwa s, Brazil kwa mfano, ujue uwezekano mkubwa ni Mhispania aliyehamia huko na jina lake likaandikwa kwa mkono wa Kireno.

Mashariki ya Iberia jina lilichukua njia nyingine: nd ilibaki lakini n ya kwanza ikamezwa na r, wakapatikana Ferrandis, Ferrándiz na Ferrández wa upande wa Valencia na Alicante. Ndani ya Castilla kuna Hernanz, Herranz, Herráiz na Herráez, yote yakitokana na Hernán. Hayo ni mafupi mno kiasi kwamba wenye nayo wengine hawajui kama ni binamu wa Fernández.

Sasa s na z, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Kihispania kina kanuni ya mkazo: neno linaloishia kwa vokali, n au s huwekwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kuandikwa alama. Likiishia kwa herufi nyingine, mkazo hudhaniwa uko mwisho, na ukiwa kwingine lazima alama iwekwe. Fernández linaishia kwa z lakini hutamkwa kwa mkazo kwenye -nán-, kwa hiyo alama ni lazima. Kireno nacho, kwa neno linaloishia -es lisilo na alama, husoma mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo Fernandes halihitaji kitu. Ukielewa hilo unaweza kukagua andiko lolote peke yako: Fernandes, sawa. Fernández, sawa. Fernandez bila alama ni Kihispania kilichopoteza alama yake njiani, au Kireno cha zamani. Fernándes lina alama isiyo na kazi. Fernandéz, lenye alama juu ya e, ni kosa kila mahali.

Masikioni herufi hizo hazitofautiani kama zinavyotofautiana machoni. Madrid watasema z kama th ya thamani. Mexico na Manila watasema s ya kawaida. Lisbon s ya mwisho hutoka kama sh, Fernandesh. Na Kireno kina mchezo wake na s: ikiwa katikati ya vokali hutamkwa z. Wao huandika mesa na kusema meza, na wazee wetu wa Pwani walipolipokea neno hilo waliandika walichosikia. Hicho ndicho kilichompata Fernandes kila alipofika nchi mpya, ila yeye aliandikwa na kila aina ya sikio.

Kabla ya mwaka 1911 Ureno haikuwa na tahajia rasmi. Mageuzi ya mwaka huo ndiyo yaliyoweka kwamba majina ya ubini yenye silabi ya mwisho isiyo na mkazo yaandikwe kwa s: Fernandes, Rodrigues, Lopes, Gomes, Nunes, Álvares. Kabla ya hapo padre mmoja aliweza kuandika Fernandez asubuhi na Fernandes jioni, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo mtu anayekuonyesha hati ya Kireno ya mwaka 1680 yenye z akasema, tazama, sisi ni Wahispania, hajaonyesha kitu. Galicia ni kinyume chake: wenyeji walisema kwa namna iliyokaribiana na Kireno, lakini tangu mwisho wa karne ya 15 waliandikwa na makarani wa Castilla, kwa hiyo z zao ni za ofisi.

Kanuni ya jumla, s kwa dunia ya Kireno (Ureno, Brazil, Goa, Angola, Msumbiji, Cape Verde, Macau) na z kwa dunia ya Kihispania, inafaa kwa hatua ya kwanza tu. Ufilipino una Fernandez wengi bila alama, na wengi wao hawana tone la damu ya Kihispania: tarehe 21 Novemba 1849 gavana Narciso Clavería aliamuru wananchi wapewe majina ya ukoo kutoka katika orodha iliyopangwa kialfabeti. Kusini mwa India, Mangalore, Kerala na pwani ya Tamil Nadu, utakuta z na s kwa jirani na jirani, kwa sababu Wareno walibatiza lakini Waingereza ndio walioandika baadaye. Pwani hiyo, na Sri Lanka ng'ambo yake, jina Fernando lenyewe limekuwa la ukoo, bila kiambishi. Si ubini. Ni jina la mtu aliyesimamia ubatizo, likaganda.

Na hapo tumefika Goa, kwa babu yako. Wareno waliuteka mji wa Goa mwaka 1510, na wilaya za Salcete na Bardez wakazipata 1543. Uinjilishaji wa Salcete ukawa mikononi mwa Wajesuiti, wa Bardez mikononi mwa Wafransisko. Aliyebatizwa aliacha jina lake la Kihindu akapewa la Kikristo pamoja na la ukoo, na la ukoo kwa kawaida lilikuwa la padre aliyembatiza, la msimamizi wake wa ubatizo, au la afisa fulani wa Kireno. Familia nzima, wakati mwingine sehemu kubwa ya kijiji, ilitoka kanisani siku moja na jina moja. Ndiyo maana akina Fernandes ni wengi kiasi kile Goa, na ndiyo maana Fernandes wa kijiji hiki na Fernandes wa kijiji cha pili hawana uhusiano wowote. Kwao jina hilo halijapata kumaanisha mwana wa Fernando. Lilikuja likiwa limeshaganda, kama kanzu iliyokwisha kushonwa.

Kuhusu Fort Jesus: ngome ilianza kujengwa 1593, ikaangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696, na Wareno walirudi kwa muda mfupi tu mwaka 1728 na 1729. Wagoa wa Zanzibar na Mombasa walikuja karne ya 19 na ya 20, wengi wakiwa makarani, washonaji, wapishi na wahudumu wa meli, na kazi za reli kutoka 1896 ziliongeza wimbi hilo. Kati ya tukio la kwanza na la pili kuna pengo la zaidi ya miaka 100. Babu yako alikuja na jina lake kutoka Goa. Hakuliokota ngomeni.

Jihadhari na mitego michache. Ferreira na Ferrer yanaanza kama Fernandes lakini yanahusu chuma na uhunzi. Ferraz nalo usiliweke kwenye kapu hili kwa kuona herufi tu. Chaves, na Chávez wa Kihispania, linatokana na mji wa Chaves kaskazini mwa Ureno. Cortés maana yake mstaarabu. Na Bardez, wilaya yenyewe, si mwana wa mtu yeyote: jina lake husemwa kuwa limetokana na nchi kumi na mbili kwa lugha ya wenyeji. Mwisho wa -es au -ez peke yake si ushahidi.

Mtego mwingine ni wa kibiashara. Utauziwa nembo ya ukoo wa Fernandes, imechorwa vizuri kwenye kikombe au ngao ya mbao. Nembo walipewa watu na milango maalumu, si jina la ukoo, na jina lenye maelfu ya mianzo isiyohusiana haliwezi kuwa na nembo moja. Pia zinazunguka orodha za majina ya Wayahudi wa Ureno, na Fernandes limo. Ni kweli kwamba Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu Ureno mwaka 1497 walichukua majina kama hayo, lakini waliyachukua kwa sababu yalikuwa ya kawaida kuliko yote, ili wapotee katikati ya watu. Jina lililochaguliwa ili lisionyeshe asili haliwezi kukuonyesha asili.

Ukitaka kufuatilia damu, acha jina la ukoo likae nyuma na utangulize mahali. Kinachohitajika ni kijiji cha Goa, na ndani ya kijiji, vado, yaani mtaa wake. Tazama pasi ya babu, cheti cha ndoa, daftari la ubatizo la parokia ya Mombasa au Zanzibar alikobatizia watoto. Mapadre mara nyingi waliandika alikotoka baba. Ukipata kijiji, parokia yake ndiyo pa kuanzia, na vitabu vingi vya zamani zaidi vimehamishiwa kwenye nyaraka za serikali mjini Panaji. Familia zilizokuwa wenye kijiji, ambazo huitwa gaunkar, zinaweza pia kuonekana katika kumbukumbu za comunidade, umiliki wa pamoja wa ardhi ya kijiji. Hapo ndipo baadhi ya watu hulikuta jina la Kihindu la kabla ya ubatizo.

Katika daftari utakutana na Kireno, lakini ni maneno machache yanayojirudia. Filho legítimo de, mtoto halali wa. Padrinho na madrinha, wasimamizi wa ubatizo. Avós paternos, babu na bibi wa upande wa baba. Andika jina la mama kamili kila unapoliona, kwa sababu João Fernandes katika kijiji kimoja wanaweza kuwa sita, lakini João Fernandes aliyemwoa Ana Piedade Rebelo wa vado fulani ni mmoja. Angalia miezi: 7bro si Julai, ni setembro, Septemba. Vivyo hivyo 8bro ni Oktoba, 9bro Novemba, na 10bro au Xbro ni Desemba. Kosa hilo la 7bro limewazalisha watoto wengi kabla ya ndoa ya wazazi wao.

Jina lenyewe utaliona limefupishwa: Frz, na z imepandishwa juu kidogo. Katika karatasi za Kihispania za leo ni Fdez., na Hernández ni Hdez. Fco. si Fernandes, ni Francisco. Katika mwandiko wa karne ya 16 na ya 17 f kubwa iliandikwa kwa kurudia ndogo, ffernandes, na z ya mwisho ina mkia unaoning'inia chini ya mstari kama 3 au y. Aliyeandaa faharasa huenda alisoma z, s, au kitu kingine kabisa. Ukitafuta katika hifadhidata usiandike jina zima. Andika Fern*nd* kama programu inakubali nyota, halafu urudie kwa Fern*z, kisha Frz. Na majina ya kwanza yalibadilika kwa Waingereza: João akawa John, José Joseph, Caetano Cajetan, Inácio Ignatius, Sebastião Sebastian. Wengi husema babu hayumo kitabuni, kumbe yumo, ila wanamtafuta John kwenye kitabu kinachomjua João.

Kuhusu nani aliweka z kwenye cheti cha baba yako, msiharakishe kumlaumu karani wa Kiingereza. Makarani wengi wa ofisi za kikoloni walikuwa Wagoa wenyewe. Wakati mwingine mwenye jina ndiye aliyelitaja hivyo kwa sababu alilizoea hivyo shuleni.

Upande wa hati, linalokusumbua ni mnyororo kukatika: babu s, baba z. Kabla ya kubadili chochote, kusanya hati za vizazi vyote, uzipange kwa tarehe na uandike kando ya kila moja andiko lilivyo, herufi kwa herufi. Kama tofauti ni ya herufi moja na majina ya wazazi, tarehe na mahali vinalingana, mara nyingi hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo inatosha. Iseme wazi kwamba Fernandes wa pasi namba fulani na Fernandez wa cheti namba fulani ni mtu yuleyule, na itaje hati zote, si mbili tu. Hati ya kubadili jina ni kitu kingine. Nchini Kenya hati hiyo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi, na hubadilisha jina kuanzia siku hiyo kwenda mbele. Haisahihishi yaliyopita. Aliyekimbilia hati hiyo kabla ya kiapo huishia na maandiko matatu badala ya mawili, na itabidi ayaeleze yote. Kwa anayeomba uraia wa Ureno kupitia mzazi au babu aliyezaliwa Goa kabla ya tarehe 19 Desemba 1961, India ilipoitwaa Goa kutoka kwa Wareno, hili ni zito zaidi, maana cheti cha Goa ndicho mzizi na maandiko mengine yote hupimwa kwa hicho. Muulize wakili wa huko kanuni za sasa kabla hujalipa ada yoyote.

Alama za mkazo zisikutie wasiwasi. Ule mstari wa chini wa pasi unaosomwa na mashine hauna alama kwa mtu yeyote, hata kwa Hernández wa Mexico.

Mwachie shangazi Fernandis yake kama hati zake zote za Toronto zinakubaliana. Kubadili jina ugenini ni gharama isiyo na faida. Katika mti wa ukoo mwandike kila mmoja kama hati yake inavyomwandika, na karibu na kila jina ongeza Fernandes katika mabano ya mraba, ili siku mjukuu atakapotafuta kwa s awapate wote watatu kwa mpigo mmoja.